Wajumbe wa Damu Yangu

Kama kinywa chako kimegeuka cheupe, na nyumbani wameanza kukuwekea kikombe cha peke yako bila kusema neno, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na hata darasani nilikuwa yule anayekaa karibu na ukuta ili asiulizwe. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili, kwa sababu siwezi kutulia. Naandika mstari, nasimama, naenda kufunika mtungi ambao umeshafunikwa, narudi. Ugonjwa ulinifundisha kutotulia, na tabia hiyo bado ninayo.

Sijapona kabisa. Lakini nakula ugali, na nikicheka midomo haipasuki. Kwa hiyo naona mabaya zaidi yamepita.

Naitwa Shija kwa sababu nilizaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walitoka kaskazini na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakafika Kabungu, wilaya ya Mpanda. Ugonjwa ulianza mwaka niliomaliza shule, miaka hiyo ya tisini, wakati miti ya porini inachipua majani mekundu kabla ya mvua. Kwanza ulimi ulikuwa kama umepakwa maziwa ya mgando. Nikaukwangua kwa kitambaa, ukatoka damu, na asubuhi utando ulikuwa umerudi. Halafu kucha za mikono zikaanza kuwa nene na za njano, zikakunjamana kama maganda ya karanga. Halafu koo. Kumeza uji ilikuwa kama kumeza mchanga wa moto.

Nilikonda. Na miaka ile, kijana akikonda na kinywa kikiwa cheupe, watu hawakuhitaji daktari. Walikuwa na neno lao. Walilisema kwa kuangalia pembeni: "Ana mdudu."

Doto, kaka yangu, ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli hadi hospitali Mpanda. Benchi la pale lilikuwa refu na ubao wake mmoja umelegea. Mtu wa mwisho akisimama, wote tulishtuka. Nilikaa hapo siku nzima nikibana vidole kwapani ili kucha zisionekane. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alimhamishia mtoto wake upande wa pili. Alifanya taratibu, kama anayemtafutia mtoto kivuli. Nilimwona.

Wakanipima damu. Majibu yakasema sina. Wakanipima tena baada ya miezi. Sina.

"Basi una nini?" Doto akaniuliza njiani.

"Sijui."

"Wewe una ugonjwa wa kukosa ugonjwa."

Nilicheka, midomo ikapasuka, nikamlaumu. Lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Majirani walisema mashine ya Mpanda inadanganya. Posa moja iliyokuwa njiani kutoka Sitalike haikufika. Mama hakunitenga, ila kikombe changu cha bati alianza kukiosha mwisho, na maji yake akayamwaga mbali. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo.

Huo ulikuwa wakati wa dawa ya zambarau. Unapaka ulimi na mashavu kwa ndani, kinywa chote kinakuwa na rangi ya wino. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wako shambani, na mimi nilizunguka uani nikiwa na kinywa hicho. Nikikaa, nasikia koo linawasha. Nikisimama, miguu inatetemeka. Nilitembea kutoka zizini hadi jikoni, jikoni hadi zizini, mpaka Baba akasema nitachimba mfereji.

Mtu mmoja tu alizungumzia kinywa changu waziwazi. Huyo ni mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Lusambo.

Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, na wengine walisema kazi ya wajumbe imekwisha. Kwetu haikwisha. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, ulikwenda kwa mjumbe. Mgeni akihamia, mjumbe alimwandika kwenye daftari. Yeye ni Mbende, mwenyeji wa pale, mtu wa mizinga ya nyuki. Alipita kwetu karibu kila juma kumchokoza Baba, akianza na salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, Msukuma! Ng'ombe zako jana zimekula maua ya nyuki wangu. Mwaka huu utakamua asali badala ya maziwa."

"Na wewe nyuki wako wamemuuma dume langu," Baba anajibu. "Nitawashtaki kwa nani? Kwako mwenyewe?"

Siku ile aliponiona na kinywa cha wino, alisimama, akashika kiuno.

"Shija! Umekula zambarau zote peke yako, hata moja hukumwekea mjumbe wako?"

Nikaficha mdomo kwa khanga. Lakini nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Kumbe bado naweza kutaniwa. Kesho yake alileta kibuyu kidogo cha asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchungu kidogo, ambayo wenyeji wanaitumia kama dawa. Mama akawa ananipaka kwa kidole asubuhi na jioni, na kibuyu kikiisha mzee alikijaza tena. Haikuniponya. Ililainisha tu, kwa muda wa kumeza uji bakuli moja. Mgonjwa anajua thamani ya bakuli moja.

Mvua zilipokwisha, daktari wa Mpanda alisema amefika mwisho wa akili yake, akatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa Mwanza. Doto alinipeleka. Treni hadi Tabora, nyingine hadi Mwanza, na kote nilisimama kwenye mlango wa behewa kwa sababu nikikaa nasikia nabanwa. Pale Mwanza alikuwepo daktari mwanamke mwenye miwani, anayeongea haraka. Alitazama kinywa, akatazama kucha moja moja, akauliza kama kwetu kuna ndugu mwingine wa namna hii. Hakuna. Akachukua damu, akasema itapelekwa nje ya nchi, na itachukua muda. Akanipa dawa ya njano ya matone ili nisubiri nayo.

Nilisubiri nayo. Mahindi yakavunwa, mbuga zikachomwa moto, majani mekundu yakachipua tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko maumivu. Kila baiskeli iliyopita njiani nilidhani inaleta barua.

Barua ya kuniita Mwanza ilipofika kupitia hospitali ya Mpanda, Doto alikuwa na ng'ombe mbali, upande wa Sitalike. Nikaenda na Baba.

Hapa nataka usome polepole kama ninavyoandika, kwa sababu kosa lilitokea hapa, na mimi nilikuwepo.

Baba hakulala treni zote mbili. Alikuwa ameshika fimbo na mfuko akiogopa wezi. Tulipofika kwenye chumba cha kusubiri alisinzia na kidevu juu ya fimbo, na jina langu lilipoitwa sikumwamsha. Niliingia peke yangu. Daktari akanieleza. Nitayaandika kama alivyosema, zaidi ya hayo sijui.

"Mwilini mwako kuna wajumbe," alisema. "Ugonjwa ukiingia, wajumbe wanapeleka habari kwa askari wa mwili, askari wanakuja kupigana. Sasa damu yako inawakamata wajumbe njiani. Habari haifiki. Fangasi wa kinywani na wa kwenye kucha wanajenga nyumba, hakuna anayewafukuza."

"Nani ameweka hicho kitu kwenye damu?"

"Hakuna. Damu yako imekitengeneza yenyewe. Wako watu wachache wa namna hiyo. Sisi wenyewe ndiyo kwanza tunaanza kuwaelewa. Haiambukizi, na siyo ule ugonjwa wanaokusema."

Nilitaka arudie hayo ya mwisho, lakini mlango ukafunguka. Baba akaingia na fimbo yake, macho mekundu kwa usingizi.

"Mzee, karibu," daktari akasema huku akiandika. "Namweleza binti yako. Shida yake iko kwa wajumbe."

Baba akasimama. "Mjumbe?"

"Wajumbe, ndiyo."

"Mjumbe ndiye anayezuia mwanangu asipone?"

Nje watu walikuwa wanagonga mlango. Daktari hakuinua kichwa. "Ndiyo, mzee. Wajumbe wangekuwa sawa, angepona. Tutampa vidonge, atatumia muda mrefu."

Mimi nilisikia yote mawili, swali la Baba na jibu la daktari. Nilidhani Baba ameelewa kama nilivyoelewa mimi. Au labda kuna kitu kilinigusa moyoni na nikakinyamazisha, kwa sababu koo liliuma, na kwa sababu kwetu binti hamfundishi baba yake Kiswahili. Baba alisema neno moja tu kwenye treni, tulipokuwa tunakaribia Tabora.

"Sasa nimejua."

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kibuyu cha asali, akakipasua kwenye jiwe la kusagia. Mama akapiga kelele.

"Baba Kulwa, hiyo ni dawa ya mtoto!"

"Hiyo ndiyo inayomla mtoto. Daktari wa Mwanza amesema. Mbele yangu. Amesema ni mjumbe."

Nikasema, "Baba, siyo..."

"Wewe nyamaza, unaumwa."

Nikanyamaza. Leo nikiyakumbuka natoka nje kutembea.

Siku chache zilitosha. Habari haikuhitaji treni. Watu walianza kukumbuka mambo. Nyuki hawamuumi Mzee Lusambo, kwa nini? Mtoto wa fulani alikufa baada ya mjumbe kupita pale. Na yule aliyesema neno baya kuliko yote alikuwa jirani yetu mwenyewe, aliyehamia pamoja nasi: "Tulipofika hapa alituandika majina yetu yote kwenye daftari. Majina yetu yako kwake." Baada ya hapo hata wasioamini waliogopa. Mke wa Mzee Lusambo akienda kisimani, wanawake walijaza ndoo nusu na kuondoka. Akiomba moto, jiko limezimika.

Wakati huohuo vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Juma la pili niliamka nikameza mate bila kufikiri. Juma la tatu nilikula ugali na mlenda. Mama alilia. Na Baba alisema mbele ya watu, "Mnaona? Tangu nivunje kile kibuyu, mtoto anakula."

Kupona kwangu ndiko kulikuwa kunamfunga yule mzee. Kila tonge nililomeza lilikuwa ushahidi. Siku mbili nilikataa chakula. Mama akadhani ugonjwa umerudi, na watu wakasema mjumbe ametengeneza kibuyu kingine.

Sungusungu wakaitisha kikao. Kama hujaishi na Wasukuma: hao ni walinzi wetu wenyewe, na adhabu yao kubwa siyo fimbo, ni kutengwa. Ukitengwa hakuna wa kukusalimu, kukupa maji, wala kukuzikia mtu wako. Mwenye nguvu huhama. Mzee Lusambo alikuwa amezaliwa pale, baba yake amezikwa pale.

Kikao kilikuwa asubuhi, uwanjani kwa mtemi wa sungusungu, kando ya zizi. Mzee Lusambo alikuja na daftari lake chini ya kwapa. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba ni majina tu. Lakini walipoliona, watu walisogea nyuma. Hakutania mtu. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, akaangalia viatu vyake.

Baba akaeleza. Hakudanganya, hilo nataka lijulikane. Alisema alichosikia: daktari, mjumbe, asali, vidonge. Kila neno lilikuwa kweli na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Mtemi akauliza, "Mjumbe, unasema nini?"

"Niliona mtoto hawezi kumeza," Mzee Lusambo akasema. "Basi."

Wanawake tulikuwa nyuma. Nilikuwa nimesimama kwa sababu siwezi kukaa, na nikajikuta nasogea. Mama akanishika khanga. Khanga ikabaki mkononi mwake.

"Siyo huyu," nikasema.

"Nani anaongea?" mtemi akauliza.

"Sauti!" mtu akapiga kelele. "Binti hana sauti!"

"Siyo mjumbe huyu!"

Ufa wa mdomo ukapasuka, nikasikia chumvi ya damu. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kama siyo huyu ni yupi? Wa kule Misunkumilo?" Watu wachache wakacheka.

"Mjumbe wa ndani. Wa kwenye damu."

"Damu ina mjumbe!" yule mzee akasema. "Ina mwenyekiti pia? Ina kadi ya chama?"

Sasa walicheka wengi. Mimi ambaye nilikuwa naomba ardhi inimeze nikiulizwa jedwali la kuzidisha darasani, nilisubiri wamalize. Halafu nikasema kama daktari alivyosema. Wajumbe wanapeleka habari. Wanakamatwa njiani. Askari hawajui. Nilirudia mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma nilikosa neno la mjumbe, nikasema "yule mtu anayetumwa". Kicheko kikapungua.

Mtemi akainama kunitazama. "Nani anawakamata hao wanaotumwa?"

"Mimi. Damu yangu."

"Umejiloga?"

"Hapana, mtemi. Hakuna aliyeloga. Baba alikuwa amesinzia nje, daktari alikuwa ameshamaliza kunieleza. Mimi ndiye niliyeambiwa."

Nilikuwa nimesema mbele ya kitongoji kizima kwamba baba yangu alisinzia. Sikumtazama. Nilisikia fimbo yake ikigusa chini, mara moja, mara mbili, halafu nikamwona mgongo. Alipita kati ya watu, akaenda zake.

Mtemi alimfuata kwa macho mpaka akapita zizi. "Mwenye mashtaka ameondoka," akasema mwishowe. "Hakuna kesi."

Hakusema Mzee Lusambo hana hatia. Watu walitawanyika kila mmoja na lake. Mzee Lusambo alichukua daftari lake akaenda nyumbani. Wengine walianza kumsalimu, wengine walichelewa. Kwetu hakupita tena.

Jioni, Mama akinipaka mafuta mdomoni, aliniambia, "Umempiga baba yako mbele ya watu, kwa mdomo uleule tuliohangaika kuuponya."

Baba hakunigombeza wala kunipiga. Aliacha tu kuniita. Kama anataka maji alisema, "Kuna mtu atanipa maji?" Mvua zote zilipita hivyo, palizi ikapita, tukavuna. Nilikuwa nanenepa katika nyumba ambayo baba hataji jina langu. Doto alijaribu utani ukamshinda.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi sasa, sikiliza. Usiingie kwa daktari peke yako. Mwamshe aliyekuja nawe, hata kama amechoka. Na daktari akisema neno, mwambie arudie, umuulize, "Mjumbe yupi? Askari yupi?" Usione aibu. Maneno ya hospitali yanavaa nguo za kijijini, na yakifika nyumbani yanaweza kumvamia mtu aliyekaa kwake. Na kama umeshanyamaza mara moja, kama mimi jikoni, bado hujachelewa.

Vidonge vilipokaribia kwisha, hospitali ya Mpanda walisema ili niendelee kupewa bila tabu wanataka barua ya mjumbe, ya kuthibitisha mgonjwa ni wa wapi na anaumwa nini. Mama aliisema habari hiyo wakati wa kula na hakumtazama mtu. Baba alinawa mikono. Akachukua fimbo.

"Twende," akasema. Halafu, kama neno lililokwama kooni, "Shija."

Nilimfuata nyuma. Mzee Lusambo alikuwa uani anachonga mzinga kwa tezo. Alituona tangu mbali, akaendelea kuchonga. Tulisimama. Baba alisema hodi, na mke wa mzee akaitikia kutoka ndani bila kutoka.

"Tunaomba barua," Baba akasema. "Ya hospitali."

Mzee Lusambo aliweka tezo chini. Akaenda ndani, akarudi na daftari na kalamu, akakaa juu ya mzinga. Hakutukaribisha kukaa.

"Jina la mgonjwa?"

Alinijua tangu nabebwa mgongoni.

"Shija," Baba akasema.

"Anaumwa nini?"

Nikafungua mdomo. Baba akainua mkono kidogo, siyo kwa hasira, akanizuia. Alikuwa anatafuta Kiswahili. Niliona jasho kwenye paji lake.

"Andika," akasema. "Wajumbe wake hawafiki."

Kalamu ikasimama. "Wajumbe gani?"

"Wa damu. Wadogo." Akaegemea fimbo. "Wewe siyo. Wewe nilikukosea, Mjumbe. Nilisinzia, nikaamka nikakukuta wewe kwenye neno."

Mzee Lusambo hakuinua macho. Aliandika, taratibu kama mimi, akakata neno, akaandika lingine. Nyuki mmoja alitua kwenye karatasi, naye akasubiri aondoke. Miguu yangu ilikuwa inataka kutembea, nikaishikilia.

"Ni barua ndefu hii," akasema mwishowe, na kwa mguu akasukuma kigoda kilichokuwa karibu naye. "Kaa, Msukuma."

Baba akakaa.